Kabla ya kuongeza farasi, tengeneza mifupa

MAONI – Vijana wengi wa Goma, Bukavu, Butembo na Uvira wanazifahamu gari hizo kupitia simu. Ni pikapu za zamani za Marekani, Chevrolet ao Ford zilizotoka kiwandani kati ya miaka ya 1950 na 1970, zimeshushwa mpaka tumbo linakaribia kugusa lami. Chini ya kapo kumewekwa motere ya kisasa yenye nguvu mara mbili, wakati mwingine mara tatu, ya ile ya kwanza. Video inaonyesha moshi wa mipira na mlio wa motere, kisha wanaotazama wanauliza swali moja: ina farasi ngapi?

Swali hilo linaeleweka, lakini linakuja mapema mno. Mafundi wazuri wa kazi hiyo huko Marekani hawaanzi na motere. Wanaanza na shasi, wanaendelea na resori na freni, na motere wanaiacha mpaka mwisho. Maoni yetu ni kwamba mpangilio huo wa kazi, kuliko gari zenyewe, ndio tungepaswa kuiga katika garaji za mashariki mwa Kongo. Hapa kwetu pikapu si gari la maonyesho. Inabeba maharagwe, makaa, wagonjwa na watoto wetu, na mara nyingi inabeba vyote katika safari moja.

Gari la shamba lapewa kazi nyingine

Tuchukue mfano unaojulikana sana: Chevrolet C10 ya miaka ya 1967 hadi 1972, moja kati ya pikapu za zamani zinazotafutwa zaidi na watu wa kazi hiyo. Ilitengenezwa kwa ajili ya mkulima, mjenzi na mfanyabiashara mdogo. Mojawapo ya motere zake za kawaida ilikuwa ya silinda 6 na lita 4,1, ambayo kiwanda kiliihesabia farasi 155 kwa namna ya kuhesabu ya wakati ule. Kwa kupeleka magunia sokoni, ilitosha kabisa.

Shasi yake ina umbo la ngazi: vyuma viwili virefu, kimoja kushoto na kingine kuume, vinaunganishwa na vyuma vifupi vya kukingama. Kila chuma kirefu kimekunjwa kama herufi C, maana yake upande mmoja uko wazi. Umbo hilo ni jepesi, halina gharama kubwa kiwandani, na linabeba vizuri mzigo unaolala juu yake. Lina udhaifu mmoja: linasokoteka kwa urahisi.

Msomaji anaweza kujionea nyumbani. Achukue sanduku refu la karatasi ngumu lililofungwa pande zote, ajaribu kulisokota kwa mikono miwili. Litamkatalia. Kisha alipasue upande mmoja kwa urefu wake wote, ajaribu tena. Sasa litapinda kama kitambaa, ingawa karatasi ni ileile. Chuma cha shasi nacho kinafuata sheria hiyo.

Katika njia ya shamba, kusokoteka kidogo si kosa. Gurudumu moja likiingia katika shimo, shasi inajipinda kiasi na magurudumu mengine yanabaki kugusa udongo. Tatizo linaanza mtu anapoweka motere ambayo shasi hiyo haikutengenezewa. Siku hizi wengi wanapenda V8 za General Motors za kizazi kilichoanza mwaka 1997 katika gari la Corvette, kisha kikaingia katika pikapu za kampuni hiyo. Hata bila kuguswa, nyingi kati yake zinapita farasi 250. Fundi akiongeza turbo, kufika 500 si jambo la ajabu tena.

Tufanye hesabu ndogo. Motere inatoa nguvu ya kuzungusha ya Newton-mita 500. Bwati ya vitesi, ikiwa kwenye vitesi ya kwanza, inaizidisha mara 3 hivi. Ponti ya nyuma inaizidisha tena mara 4 hivi. Kwenye magurudumu kunafika Newton-mita 6.000. Ni kama watu 10 wenye kilo 60 kila mmoja wananing'inia pamoja kwenye ncha ya fimbo ya mita 1. Kila mara shofere anapokanyaga mafuta, watu hao 10 wanaruka juu ya fimbo kwa ghafula.

Nguvu hiyo haiishii kwenye mipira. Ponti yenyewe inajaribu kuzunguka kinyume. Kwenye gari lenye resori za malame, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, malame yanapinda kama herufi S, kisha yanajiachia, kisha yanapinda tena. Gurudumu linaanza kurukaruka juu ya barabara. Baada ya muda, viungo vya kardani vinakatika, riveti zinalegea, na pale resori inaposhikwa kwenye shasi panapasuka. Mwenye gari anasema motere ni mbaya, kumbe motere imefanya kazi yake na mifupa ndiyo iliyoshindwa.

Namna ya kuimarisha

Ndiyo maana kazi inaanza chini. Gari linavuliwa mwili wake wote, shasi inabaki peke yake, inasafishwa mpaka chuma kinaonekana. Kutu inatafutwa hasa kwenye viungo, mahali ambapo matope na maji hukaa. Kisha shasi inapimwa kwa kamba ao mita kutoka pembe hadi pembe, kwa msalaba. Vipimo viwili visipolingana, shasi imepinda, na hakuna kinachoongezwa mpaka inyooshwe. Fundi anayeimarisha shasi iliyopinda anaimarisha upotovu wake.

Hatua inayofuata ni kufunga ile C. Kibati kinene cha chuma kinachomelewa upande uliokuwa wazi, na C inageuka kuwa sanduku. Vyuma vya kukingama vinaongezwa ao vinabadilishwa, hasa karibu na bwati ya vitesi na mahali ambapo ponti ya nyuma inashikwa. Kuchomelea kunafanywa vipande vifupi vifupi, leo hapa, kidogo pale, kusudi moto usikusanyike mahali pamoja na kukunja chuma. Fundi anayekimbia na kuchomelea mstari mrefu kwa mara moja anaweza kumaliza kazi na shasi iliyopinda kama ndizi.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi hao wanalichunga. Wakiweka kiraka juu ya chuma kirefu cha shasi, hawachomelei mstari uliosimama wima kutoka juu mpaka chini. Kiraka kinakatwa kwa mshazari, kama umbo la almasi, ili nguvu isikutane na mstari mmoja dhaifu. Mstari wa wima unakuwa kama alama ya kisu juu ya muhogo: ukikunja, unakatikia hapohapo.

Kwa upande wa ponti ya nyuma, C10 nyingi za miaka hiyo zilikuwa na bahati. Badala ya malame, zilikuwa na resori za mviringo na mikono miwili mirefu ya chuma inayoishika ponti kutoka mbele. Mpangilio huo ulikuwa mzuri kiasi kwamba gari za mashindano ya NASCAR ziliutumia kwa miaka mingi. Inafaa kutafakari: kifaa cha gari la kubebea mbolea kiliingia katika mbio za kitaifa kwa sababu kilijua kuzuia ponti isijizungushe.

Kushusha si kukata resori

Kwa nini basi wanashusha gari? Watazamaji wengi wanafikiri ni urembo tu. Urembo upo, lakini kuna sababu ya pili. Gari linapoingia kwenye kona, uzito wake unataka kuendelea moja kwa moja. Uzito huo ukiwa juu, unapata mkono mrefu wa kulipindua. Kama upana kati ya gurudumu la kushoto na la kuume ni mita 1,5 na kitovu cha uzito kiko kwenye sentimita 75 kutoka chini, gari liko salama kiasi. Kipandishe kitovu hicho mpaka mita 1,5, na nguvu ya kona inayotosha kulipindua inakuwa nusu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo mtu anayeongeza mwendo na kuacha gari refu kama lilivyokuwa anatafuta ajali.

Lakini kushusha kuna njia ya fundi na njia ya mvivu. Mvivu anakata resori, ao anaipasha moto mpaka ilale chini. Resori ni chuma kilichopikwa na kupozwa kwa kipimo maalum. Ukiichoma ovyo, unaua ule ukakamavu ambao ndio kazi yake. Itasimama wiki chache, kisha itavunjika ao italala upande mmoja.

Fundi anafanya tofauti. Mbele, anabadilisha kile chuma kinachoshika gurudumu na kuweka kingine ambacho kimeinua mahali pa gurudumu, hivyo gari linashuka bila resori kupoteza nafasi yake ya kucheza. Nyuma, kama ponti ilikuwa chini ya malame, anaipandisha juu yake. Kisha anakutana na shida: ponti inapopanda kwenye tuta, itagonga shasi. Anakata kipande cha shasi juu ya ponti, kama nusu ya mduara, na mahali hapo anaweka chuma kinene kuliko kile alichotoa. Sheria ni rahisi: ukiondoa chuma, rudisha chuma kilicho na nguvu zaidi. Baada ya hapo anaweka amortiseri fupi zinazolingana na kimo kipya, anapima pembe ya kardani, na anaangalia kama mipira ya mafuta ya freni haivutwi wala haisuguliwi.

Freni kabla ya sifa

Hapa ndipo tunamtambua fundi wa kweli. C10 za kabla ya mwaka 1971 zilitoka na freni za tamburi kwenye magurudumu yote manne. Kuanzia mwaka huo, kiwanda kiliweka diski mbele kama kifaa cha kawaida. Tamburi inashika vizuri mara ya kwanza na ya pili. Ikipata moto mwingi, inaanza kulegea, na kanyagio linaweza kwenda chini bila jibu.

Mwendo nao una hesabu yake isiyosamehe. Gari linalotembea kilomita 120 kwa saa halina nguvu mara mbili ya lile linalotembea 60. Lina mara 4. Nguvu yote hiyo lazima igeuke kuwa moto ndani ya freni kabla gari halijasimama. Ndiyo maana mtu anayeelewa kazi yake ananunua diski kubwa kabla ya turbo. Gari lenye farasi wachache na freni nzuri litakuchelewesha kufika. Lenye farasi 500 na freni za mwaka 1967 linaweza lisikufikishe kabisa.

Na sisi hapa?

Mtu atasema: haya yote ni ya matajiri wenye barabara laini. Ni kweli kwamba C10 iliyoshushwa namna hiyo isingemaliza hata siku moja juu ya mawe ya volkano ya Goma. Hatumuombi yeyote ashushe Land Cruiser yake. Barabara zetu zinadai gari lililoinuka.

Lakini tazama kazi inayofanywa katika garaji zetu. Land Cruiser za jamii ya 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984, na Hilux za zamani nazo zina shasi ya ngazi. Mwenye gari anataka libebe zaidi. Anaomba fundi aongeze malame. Malame yanaongezwa, gari linainuka, halilali tena chini ya mzigo, na wote wanasema sasa lina nguvu. Hapana. Resori peke yake ndiyo iliyoongezewa nguvu. Shasi ni ileile, ponti ni ileile, freni ni zilezile. Hapo mwanzo resori ilikuwa inalala na kumpa shofere onyo kwamba mzigo umezidi. Sasa onyo limenyamazishwa, na uzito unakwenda moja kwa moja kwenye vishikio na kwenye chuma kirefu cha shasi. Kinapopasuka, kinachomelewa kiraka, mara nyingi kwa mstari ule wa wima, na gari linarudi barabarani siku hiyohiyo.

Kisha gari hilo linapewa magunia mpaka juu ya kabini, na juu ya magunia wanapanda watu. Kitovu cha uzito kimepanda karibu na vichwa vyao. Linateremka Ngomo kuelekea Kamanyola, ao Kabasha kuelekea bonde la Rwindi, kona baada ya kona, shofere akiwa amekanyaga freni kwa muda mrefu. Kila kitu ambacho fundi wa Marekani anakiogopa kimekusanyika pale: uzito juu, shasi iliyochoka, freni zenye moto. Tofauti ni kwamba yeye anaogopa akiwa peke yake ndani ya gari lake. Kwetu kuna mama na mtoto mgongoni juu ya gunia.

Tusiseme kwamba ufundi hatuna. Tazama chukudu, ambayo Goma imeijengea hata mnara. Aliyeibuni hakuhitaji kitabu cha hesabu kuelewa kwamba mzigo unapaswa kulala chini, karibu na magurudumu, na kwamba mbao ndefu ya katikati ndiyo mfupa wa chombo chote. Chukudu inateremka kutoka Kibumba na mzigo ambao mtu hawezi kuuinua, na inateremka kwa sababu ni fupi kwa kimo na imara kwa mfupa. Wazo ni lile la mafundi wa pikapu za zamani. Tunalo nyumbani, lakini tunalisahau tunapofika mlangoni mwa garaji.

Pesa si jibu kwa kila kitu

Fundi atatuambia kwamba mteja hataki kulipa. Mteja analipia motere kwa sababu anaisikia, analipia rangi kwa sababu anaiona. Shasi haisikiki wala haionekani. Tunamuelewa fundi huyo, ana watoto wa kulisha. Lakini kupima shasi kwa kamba hakuombi dola. Kukata kiraka kwa mshazari kunaomba dakika chache tu. Kuchomelea vipande vifupi kunaomba uvumilivu. Kumwambia mteja "malame nitaongeza, lakini shasi yako haitabeba" kunaomba ushujaa, nao hauuzwi dukani.

Mwenye gari naye afanye hesabu yake. Pesa za malame ya ziada, kisha pesa za kiraka, kisha pesa za ponti, kisha siku ambazo gari limelala garajini bila kuingiza franga: ukijumlisha, mara nyingi zingetosha kutengeneza freni zote na kuangalia shasi vizuri mara moja. Na hapo hatujahesabu gharama ya maisha ya mtu, kwa kuwa haina kipimo.

Tunachoomba

Kwanza, vituo vya kufundisha ufundi, INPP ikiwa mbele, viwape wanafunzi wa umekanika masomo ya shasi na kuchomelea kwa uzito uleule wanaoupa motere. Kijana anayejua kufungua motere na kuifunga lakini hajui kupima shasi amejifunza nusu ya kazi.

Pili, ukaguzi wa gari utazame chini. Barabarani shofere anaombwa karatasi, taa na kizima-moto. Ni mara ngapi mtu analala chini ya gari na tochi, kutafuta ufa kwenye shasi ao mafuta ya freni yanayovuja? Karatasi iliyopigwa muhuri haijawahi kusimamisha gari kwenye mteremko. CNPR na huduma za uchukuzi za majimbo wanaweza kuanza na gari za abiria kwenye njia za milima, bila kugeuza kazi hiyo kuwa namna nyingine ya kukamua mashofere.

Tatu, na hili linatuhusu sote, abiria waanze kuuliza. Tunajua kuuliza bei na saa ya kuondoka. Tuulize pia kama freni zimetazamwa wiki hii, na tukatae kupanda juu ya mzigo uliopita kabini pale ambapo tuna njia ya kukataa. Wengi hawana njia hiyo, kwa sababu gari ni moja kwa siku. Ni kwa ajili ya hao ndiyo tunasema na wenye magari na serkali.

Vijana waendelee kutazama pikapu za Marekani, na wanaoota kutengeneza ya kwao siku moja waote bila haya. Ila watakapoifuata video mpaka mwisho, wasitazame moshi peke yake. Watazame pia kile kinachofanywa kabla motere haijawashwa: wiki nyingi za kutafuta kutu, kupima na kuchomelea chuma ambacho hakuna mtazamaji atakayekiona. Kazi hiyo iliyofichika chini ya gari ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani, iwe kwenye lami ya Texas ao kwenye matope ya Kanyabayonga.